Mufwankolo, mchekeshaji aliyezungumza juu ya mamlaka kwa Kiswahili cha Lubumbashi

Ukitaja jina la Mufwankolo mbele ya mtu aliyekaa Lubumbashi wakati wa Zaire, mara nyingi atacheka kwanza ndipo ajibu. Jina lake la kweli ni Odilon Kyembe Kaswili. Lakini jina la mchezo lilifunika lile la nyumbani, hata kikundi chote alichokiongoza kikaitwa Kikundi Mufwankolo.

Kwa watu wa Kasongo na Kabambare habari hii si ya mbali. Kiswahili kiliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu, na Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip. Baadaye, Wabelgiji walipofungua migodi ya shaba kule Katanga, kampuni ya Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali: Maniema, Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Watu wa makabila mengi wakakaa kambi moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya jirani kwa jirani. Ndicho alichocheza nacho Mufwankolo. Hakikuwa cha vitabu vya shule. Kilikuwa cha soko na cha kambi, na Kifaransa kiliingia katikati bila kuomba ruhusa.

Walianza kuigiza tangu wakati wa Wabelgiji. Redio ikawapeleka nyumbani kwa watu, halafu televisheni ikawapa sura. Michezo yao haikuandikwa. Walikaa pamoja, wakazungumza juu ya jambo la kucheza, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe: mlevi, mume mwenye wanawake wa nje, jamaa wanaogombania mali ya marehemu. Anayesema kuwa huo ni mchezo wa watu wasiosoma ajaribu siku moja kusimama mbele ya kamera bila karatasi.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya serikali. Kabla ya habari, uso wa Mobutu ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kumsema mkubwa waziwazi kulikuwa hatari. Mtu wa kuchekesha alipaswa kujua njia za pembeni.

Mwaka 1986 Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na desturi aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alikuwa mezani na wenzake wakila kuku. Ikaja habari ya firigisi, kile kipande ambacho kwa desturi huachiwa mkubwa. Mmoja wao akamwambia kwa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa nzima. Fabian hakuelewa vizuri. Akaenda kuwauliza Mufwankolo na wenzake maana yake. Wao wakabishana, kisha wakaamua kuutengeneza mchezo wenye jina hilohilo, Le pouvoir se mange entier.

Neno hilo lina sura mbili, na hapo ndipo lilipo tamu na chungu. Linaweza kumaanisha kwamba chifu hagawani kiti chake na mtu. Linaweza pia kumaanisha kwamba anayekula nyama ya mamlaka ameze na mifupa yake: kesi za watu, njaa yao, usalama wao usiku. Aliyekimbia kijiji chake na kupokelewa katika kijiji cha mwingine anazijua sura zote mbili. Ameona mkubwa anayekula tu, na pengine ameona mkubwa anayebeba.

Kikundi kilichagua kusema yote hayo kama habari ya kijiji, chifu na watu wake. Walikwenda Kawama, kijiji karibu na Lubumbashi, wakacheza wanakijiji wakitazama, na televisheni ikarekodi. Nani angeshtaki hadithi ya kijijini? Ila kila mtazamaji wa Zaire alikuwa na chifu wake kichwani.

Michezo yao ilichukuliwa kwa uzito hata na wasomi. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu ya kikundi hicho Vienna mwaka 1981. Fabian alitoa chake Marekani mwaka 1990. Ndani yake maneno ya wachezaji yameandikwa jinsi yalivyotoka mdomoni, pamoja na Kifaransa chao cha katikati, Kiswahili ambacho mwalimu wa zamani angekisahihisha kwa wino mwekundu.