Prinsesa Aliyeishtaki Hollywood

Filamu inapofika mwisho na majina kuanza kupita, mara nyingi hutokea maandishi madogo yanayosema kwamba wahusika wote ni wa kubuni, na kufanana kwao na mtu yeyote, awe hai au amekufa, ni bahati tu. Wakati huo watazamaji wengi wameshainuka. Nyuma ya maneno hayo kuna mauaji, kitabu cha kumbukumbu na kesi ya kashfa iliyosikilizwa London mwaka 1934.

Mkasa wenyewe ulianzia Petrograd, uliokuwa mji mkuu wa Urusi, Desemba 1916. Prinsi Felix Yusupov, kijana wa ukoo uliokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi hiyo, alimwalika Grigori Rasputin kwenye jumba lake kando ya mto Moika. Rasputin, mkulima kutoka Siberia aliyesifika kwa kuponya kwa maombi, alikuwa na sauti kubwa mbele ya Malkia Alexandra, jambo lililowaudhi wakubwa. Ili aje, aliahidiwa kukutana na Irina, mke wa Felix na mpwa wa Tsar Nicholas II.

Irina hakuwepo. Alikuwa Crimea, mbali kabisa na mji mkuu. Kwa maelezo ya Felix mwenyewe, wenzake walikaa ghorofani wakipiga gramafoni, ili mgeni aliyekuwa chini, akiwa ameandaliwa keki na mvinyo vyenye sumu, adhani mama mwenye nyumba bado anaagana na wageni wake. Hatimaye Rasputin alipigwa risasi na mwili wake ukatupwa mtoni.

Baada ya mapinduzi, Felix na Irina waliondoka Urusi mwaka 1919 kwa manowari ya Uingereza, wakaishia Paris. Mwaka 1927 Felix alichapisha kitabu kuhusu usiku ule, bila kuficha jina lake wala alichokitenda. Mwaka uliofuata Maria, binti wa Rasputin, alimfungulia kesi Paris akidai fidia. Mahakama ikajibu kwamba haina mamlaka juu ya mauaji ya kisiasa yaliyofanyika Urusi.

Kisa kilichokwishasimuliwa na muuaji mwenyewe hakingekosa kuwavutia watengeneza filamu. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ilitoa Rasputin and the Empress, wakiigiza ndugu watatu mashuhuri, John, Ethel na Lionel Barrymore. Muuaji aliitwa Prinsi Chegodieff, na mchumba wake Prinsesa Natasha. Ndani ya filamu, Natasha anaangukia mikononi mwa Rasputin na kuharibiwa naye. Juu ya hayo, filamu ilifunguliwa kwa maandishi yaliyowaambia watazamaji kwamba baadhi ya wahusika bado wako hai.

Felix hakuwa na la kushtakia. Nani angemsikiliza akilalamika kuitwa muuaji, na kitabu chake kiko madukani? Aliyekwenda mahakamani ni Irina, akitetewa na Sir Patrick Hastings, wakili aliyeogopwa London nzima.

MGM ilijitetea kwa hoja mbili. Kwanza, Natasha si Irina. Pili, hata kama ndiye, mwanamke aliyebakwa hana kosa, basi amekashifiwa vipi? Hoja ya kwanza ilivunjwa na Felix mwenyewe, aliyepanda kizimba cha mashahidi na kueleza alivyomuua Rasputin. Kama dunia nzima inajua nani aliua, basi mchumba wa Chegodieff anajulikana ni nani. Juri ilimpa Irina fidia ya pauni 25,000.

Hoja ya pili ilijibiwa na Mahakama ya Rufaa mwaka huohuo. Jaji Slesser alisema kashfa si lazima imtwike mtu lawama; inatosha ikiwafanya watu wamkwepe, hata kama yeye hana hatia. Mahakama ilisema pia kwamba picha za filamu, kwa kuwa zinadumu na kuonekana, ni kashfa ya kudumu kama ya maandishi, hivyo mlalamikaji hahitaji kuthibitisha hasara ya fedha. Baada ya hapo kampuni za filamu zikashika desturi ya kuweka tamko la wahusika wa kubuni.

Tamko hilo, hata hivyo, si kinga. Tangu kesi ya Hulton dhidi ya Jones mwaka 1910, sheria ya Kiingereza ilikuwa imeshashikilia kwamba anachokusudia mwandishi hakimwokoi. Linaloangaliwa ni jinsi wasomaji wanavyomwelewa. Misingi hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyojenga pia Sheria ya Kashfa ya Kenya, Sura ya 36. Mwandishi wa kumbukumbu anayembadilisha jina jirani yake lakini akaacha kazi yake, ndoa yake na mtaa wake bado amemtaja.

Mwaka 1965 Felix naye alijaribu bahati yake New York, akiishtaki CBS kwa kuingilia faragha yake katika mchezo wa televisheni kuhusu mauaji yaleyale. Alishindwa. Mkewe alikuwa na jina ambalo wanaume walilitumia mara mbili bila idhini yake, kwanza kumnasa Rasputin, kisha kuuza tiketi. Felix kisa chake alikuwa amekwishakiuza mwenyewe.