Wasparta si Wamakedonia: Jeshi Hulinda Nini?

Jina la Sparta halikosekani katika mijadala yetu ya nidhamu. Anayetaka vijana wapelekwe kambini hulitaja. Anayewataka viongozi waishi bila anasa hulitaja pia. Nimewasikia hata wasomi wakieleza kwamba Alexander aliiteka Uajemi akiwa na jeshi la Wasparta. Kauli hiyo si kweli. Nami naona inafaa kuisahihisha, kwa sababu anayewachanganya Wasparta na Wamakedonia hupoteza swali muhimu kuliko yote kuhusu jeshi lolote: limeundwa kumlinda nani, na dhidi ya nani?

Tuanze na mahali na nyakati. Sparta ilikuwa kusini mwa Ugiriki, katika bonde la mto Eurotas. Ilitawaliwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, baraza la wazee, na maofisa watano walioitwa maefori, ambao walichaguliwa kila mwaka. Makedonia ilikuwa ufalme wa kaskazini, nchi ya wakulima na wafugaji, chini ya mfalme mmoja. Wagiriki wengi wa kusini waliwadharau Wamakedonia na kuwahesabu kuwa nusu washenzi. Mfalme Leonidas wa Sparta alikufa Thermopylae mwaka 480 KK akiwazuia Waajemi. Alexander alivuka kuingia Asia mwaka 334 KK. Kati ya matukio hayo mawili imepita karibu karne moja na nusu.

Tena, mataifa hayo hayakuwa marafiki. Philip, baba yake Alexander, aliishinda miji ya Athens na Thebes huko Chaeronea mwaka 338 KK, kisha akaifunga miji ya Ugiriki katika shirikisho lililokutana Corinth. Sparta ilikataa kujiunga. Alexander aliposhinda vita vyake vya kwanza dhidi ya Waajemi, kando ya mto Granicus, alipeleka Athens seti 300 za silaha za adui, pamoja na maandishi yaliyotaja ushindi wa Wagiriki wote isipokuwa Wasparta. Mwaka 331 KK, Alexander akiwa bado Asia, mfalme Agis wa Tatu wa Sparta aliasi utawala wa Makedonia. Aliuawa karibu na Megalopolis na jeshi la Antipater, aliyeachwa kuilinda nchi.

Hata silaha zao zilitofautiana. Mspartani alishika ngao kubwa ya duara kwa mkono wa kushoto na mkuki wa mita mbili na zaidi kwa mkono wa kulia, akasimama bega kwa bega na wenzake. Askari wa miguu wa Philip alibeba sarisa, mkuki wa mita tano hivi au zaidi, ulioshikwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo ngao yake ilikuwa ndogo na ilining'inia kwa ukanda. Safu hiyo ya mikuki ilimzuia adui mbele, huku wapanda farasi, walioitwa maswahiba wa mfalme, wakimpiga palipokuwa na upenyo.

Hata hivyo, anayezitazama silaha peke yake hajaona tofauti yenyewe. Inafaa aulize ni nani aliyemlisha askari.

Raia kamili wa Sparta hakulima. Aliingizwa katika mafunzo akiwa na miaka saba, na alipokuwa mtu mzima alikula na wenzake katika meza ya pamoja ya wanaume. Chakula hicho kililimwa na waheloti, watu waliofungwa katika ardhi, wengi wao wakiwa Wamesenia, ambao nchi yao Sparta ilikuwa imeiteka vizazi vingi nyuma. Herodotus anaandika kwamba vitani Plataea, mwaka 479 KK, Wasparta 5,000 walifuatana na waheloti 35,000, yaani saba kwa kila mmoja. Plutarch, akimnukuu Aristotle, anasema maefori walipoingia madarakani walitangaza vita rasmi dhidi ya waheloti, ili kumuua mheloti kusihesabiwe kuwa dhambi. Thucydides anasimulia jinsi waheloti wapatao 2,000, waliojitokeza kama mashujaa wakiahidiwa uhuru, walivyovishwa mataji na kuzungushwa mahekaluni, kisha wakatoweka wasijulikane walivyouawa.

Basi nidhamu ya Sparta inaeleweka. Haikuwa kwanza kwa ajili ya Waajemi. Ilikuwa nidhamu ya wachache waliolala wakiwa na mkuki karibu kwa kuwaogopa wale waliowapikia uji.

Makedonia ilikwenda njia nyingine. Philip alipotwaa madaraka mwaka 359 KK aliwafundisha wakulima na wachungaji huru kuwa askari wa kudumu. Migodi ya dhahabu iliyo karibu na mji alioupa jina lake, Philippi, ilimpatia, kwa mujibu wa Diodorus, zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka, na fedha hizo zilimsaidia kulipa jeshi. Mwandishi Mrumi Frontinus anasema Philip aliruhusu mtumishi mmoja tu kwa kila askari kumi wa miguu. Linganisha na wale saba wa Plataea.

Tofauti ya pili ni mlango wa kuingilia. Herodotus anasema wageni wawili tu ndio waliopata kufanywa raia wa Sparta: mtabiri Tisamenus na ndugu yake. Na raia aliyeshindwa kuleta mchango wake katika meza ya pamoja alipoteza uraia, yeye na uzao wake. Ardhi ikajikusanya mikononi mwa wachache, na idadi ya raia ikapungua. Katika vita vya Leuctra mwaka 371 KK, Wasparta kamili walikuwa 700 hivi, na 400 kati yao waliuawa na Thebes siku ile moja. Baada ya hapo Epaminondas wa Thebes aliingia Peloponnese na kuwarudishia Wamesenia nchi yao. Sparta ikapoteza mashamba yake na wakulima wake kwa pamoja, wala haikuinuka tena kuwa dola kubwa. Wakati huohuo, miongoni mwa maswahiba wa mfalme wa Makedonia alikuwamo Nearchus mzaliwa wa Kreta, aliyekuja kuongoza merikebu za Alexander, na Eumenes wa Cardia, mwandishi wake mkuu. Baadaye Alexander aliwafundisha vijana 30,000 wa Asia kupigana kwa mtindo wa Kimakedonia, jambo lililowaudhi sana askari wake wa zamani.

Simsifu Philip wala mwanawe. Mwaka 348 KK Philip aliubomoa mji wa Olynthus na kuwauza wakazi wake utumwani. Mwaka 335 KK Alexander aliufanyia Thebes vivyo hivyo. Mlango wa Makedonia ulikuwa wazi kwa aliyemtumikia mfalme, na aliyekataa alikanyagwa. Dola iliyosimama juu ya mtu mmoja ilisambaratika mara tu mtu huyo alipokufa Babeli mwaka 323 KK, majemadari wakagombania vipande vyake.

Lakini tofauti ibaki bayana. Sparta ilijifunga, ikawafanya watu waliokuwa ndani ya mipaka yake kuwa adui wa kudumu, ikafa kwa uhaba wa raia. Makedonia ilijifungua kwa ajili ya ushindi, ikala nchi za wengine, ikapasuka kwa kukosa taasisi za kuishika.

Kwa hiyo mtu anapotusihi tuige nidhamu ya Sparta, iwe katika shule, katika utumishi wa umma au katika jeshi, tumuulize kwanza waheloti watakuwa akina nani. Nidhamu ile haikupata kuwepo bila wao. Akijibu kwamba hataki waheloti, basi anachokitaka si Sparta. Ni jambo jingine, na ana wajibu wa kulieleza kwa jina lake.