Gari la Kawaida, Mbio za Ajabu: Kutoka Volvo ya Joginder hadi Probox ya Muleba

Pasaka ya mwaka 1965, gari lililovaa namba moja kwenye mashindano ya East African Safari lilikuwa Volvo PV544: mgongo umepinda, kioo cha mbele kidogo, umbo lililochorwa tangu miaka ya 1940. Halikuwa hata jipya. Timu ya kiwanda ilikuwa imekwisha kulikimbiza kabla Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, hajalinunua likiwa limetumika. Yeye na ndugu yake Jaswant walimaliza wakiwa wamemwacha mshindani wa pili kwa saa 1 na dakika 40. Mwaka huohuo Volvo ikaacha kuunda aina hiyo.

Wakazi wa Kahororo na mitaa mingine ya Manispaa ya Bukoba wanaujua mshangao wa namna hiyo, ila leo umekuja na sura nyingine. Unapanda Probox nyeupe iliyofubaa, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba juu ya mikungu ya ndizi, ukidhani utafika Muleba jioni. Rwamishenye ikishapita, dereva anakanyaga mafuta, na Kemondo inakuja kabla hujamaliza kusalimiana na jirani yako wa kiti. Sifa ya gari la kawaida lenye mbio imejengwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 70. Kilichobadilika njiani ni barabara, na pia sababu ya kukimbia.

Mwanzo wake ni mwaka 1953, yalipofanyika mashindano ya kwanza, Mei 27 hadi Juni 1, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waandaaji walitaka magari yawe kama yanavyouzwa dukani, wakayagawa katika madaraja kwa kufuata bei yake. Mtazamaji aliyeliona gari likishinda alijua kwamba akiwa na fedha anaweza kununua la aina hiyohiyo kesho yake. Volkswagen ndogo ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo inayohesabiwa kuwa mshindi wa kwanza. Volkswagen ikashinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962, ingawa barabarani kulikuwa na magari yenye injini kubwa kuliko yake.

Siri ilikuwa matope. Mashindano yalipangwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mtu wa Bukoba, mji unaopata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, hahitaji kuelezwa maana yake: udongo mwekundu ukilowa, gari lenye nguvu nyingi huzungusha tairi papo hapo na kuzidi kuzama. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza saba vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na mara zote mbili walikuwa ndani ya Peugeot 404.

Hiyo 404 ilikuwa gari la baba wa familia. Ilitoka mwaka 1960, ikachorwa na Pininfarina wa Italia, na kwa kuitazama ungesema ni gari la mkuu wa shule. Lakini ilisimama juu, springi zake zilikuwa ndefu na laini, na shimo ambalo lingevunja gari jingine yenyewe ililimeza na kuendelea. Tanzania nayo ina sehemu yake katika hadithi hii: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967. Injini yake ilikuwa ya CC 1,618 tu.

Sifa za mashindanoni zikahamia stendi. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kushinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ilikuwa na toleo refu lenye safu tatu za viti. Nchini Kenya toleo hilo likawa teksi ya masafa marefu, na abiria mwenye haraka aliliacha basi akaingia kwenye Peugeot.

Wajapani walifuata njia hiyohiyo. Datsun 1600 SSS, gari la milango minne lisilo na mbwembwe, ilishinda mwaka 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann. Joginder akarudi na Mitsubishi Lancer na kushinda mwaka 1974 na 1976. Kisha akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mara nne mfululizo, akiwa na Mike Doughty, kwa Datsun Violet, ambayo wengi waliijua kwa jina la 160J. Ukichanganya na ushindi wake wa 1973 kwa Datsun 240Z, ana mataji matano, na hakuna aliyempita.

Mfano wa kuchekesha kuliko yote ni wa mwaka 1993. Subaru ilileta Vivio, kigari cha CC 660 kilichoundwa kwa ajili ya vichochoro vya Japani. Kimoja alipewa Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Gari lake likaharibika njiani. Mkenya Patrick Njiru aliyekuwa na kingine alikifikisha mwisho, akashika nafasi ya 12 na kuongoza daraja lake.

Wakati huo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kumiminika bandarini kwetu, na mengine yalikuja na nguvu zilizojificha. Toyota Mark II ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ni mfano mzuri. Ya kawaida yenye CC 2,000 na ile yenye injini ya 1JZ-GTE ya CC 2,500 na turbo zinafanana kiasi kwamba mpita njia hawezi kuzitofautisha. Hiyo ya turbo ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 280, kikomo ambacho viwanda vya Japani vilikubaliana kutokivuka kwenye matangazo yao.

Probox haina turbo wala siri ya namna hiyo. Ilitoka Julai 2002 kama gari la kazi: la wauza bidhaa, mafundi na wasambazaji. Ukifungua mlango wa nyuma unaona bati tupu na sakafu iliyonyooka, na kiti cha abiria chembamba chenye mgongo uliosimama wima. Injini ya CC 1,500 ni ileile ya 1NZ iliyomo kwenye Ist na Allion, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 100, huku gari lenyewe likiwa na uzito wa tani moja hivi. Liliundwa libebe kilo 400 za mzigo. Likiwa na dereva peke yake, nguvu hizo hazina kazi nyingine isipokuwa kukimbia.

Kagera iliipa uwanja. Katika miaka ya 2000 lami iliunganisha Mutukula, Bukoba na Muhutwe, kisha ikasogea Kagoma na kuelekea Biharamulo. Yale matope yaliyokuwa yakichuja magari yakaondoka kwenye barabara kuu, na michomoko, yaani magari madogo ya abiria kama Probox, ikashika njia.

Hapa ndipo historia inapogeuka. Kwenye Safari tuzo ilikuwa ya kufika. Dereva wa mchomoko hufika kila siku. Anachohesabu ni tripu. Jioni tajiri wa gari anasubiri hesabu yake kamili, mafuta yametolewa, na kila dakika iliyopotea stendi inafidiwa njiani. Kwa hiyo kiti cha nyuma cha watu watatu kinakaliwa na wanne, mbele wanabanwa wawili, na gari lililoundwa kwa kilo 400 linapelekwa kwa mwendo wa gari tupu, likiwa na breki za ngoma nyuma na tairi nyembamba zilizokwisha kashata. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Michomoko mingi inamwona fundi siku ilipogoma kuwaka.

Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, na barabara ya Muleba ina makazi karibu kila kona. Madereva wanaokutana wanaonyana kwa taa kwamba tochi ya kupimia mwendo iko mbele, wanapunguza mwendo, wanapita, wanaongeza tena. Trafiki akimnasa mmoja, faini anailipa dereva. Hesabu iliyomkimbiza haipungui hata shilingi, na tajiri aliyeipanga hakuwamo garini.