Taa nyekundu ya oili ni amri ya kuzima injini

MIONGONI mwa taa zote zilizomo kwenye dashibodi ya gari, ni chache zinazompa dereva muda mfupi wa kuamua kama ile nyekundu yenye mchoro wa birika linalodondosha tone. Hiyo ni taa ya shinikizo la oili, au presha kama wasemavyo mafundi. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, injini huenda imebakiza dakika chache tu, na pengine pungufu ya hapo, kabla ya kuharibika.

Madereva wengi hudhani taa hiyo huonyesha tu kwamba oili imepungua, na kwamba hakuna ubaya kuendelea hadi kituo cha petroli kilicho karibu. Dhana hiyo imewagharimu wengi injini nzima. Kiasi cha oili ni jambo moja, na shinikizo lake ni jambo jingine. Injini yaweza kuwa na oili ya kutosha ilhali haifiki inakohitajika. Baadhi ya magari huwa na taa nyingine, ya manjano, inayohusu kiasi. Ile nyekundu huhusu shinikizo.

Pampu huvuta oili kutoka kwenye karai lililo chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu, ikaipitisha kwenye chujio na kuisukuma kupitia vijia vyembamba hadi kwenye beringi za krankishafti na sehemu nyingine zinazozunguka. Huko oili hufanya utando mwembamba unaozuia chuma kugusana na chuma. Shinikizo likitoweka, utando huo nao hutoweka. Vyuma husuguana, joto hupanda, beringi huliwa, na hatimaye injini hukwama.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba onyo hilo huja kwa kuchelewa. Katika magari mengi madogo, swichi inayowasha taa hiyo hungoja hadi shinikizo lishuke chini ya paundi 10 kwa inchi ya mraba. Injini iliyo timamu, gari likiwa katika mwendo wa kawaida barabarani, mara nyingi huwa na kati ya paundi 30 na 60. Kwa hivyo taa inapowaka, sehemu kubwa ya kinga ya injini imekwisha kuondoka.

La kufanya barabarani

Dereva anapaswa kuondoa mguu kwenye mafuta, kulipeleka gari kando mahali salama, kulisimamisha na kuzima injini mara moja. Si busara kuizima gari likiwa bado kasini, kwa sababu usukani na breki huwa vizito injini ikishazimika.

Gari likiwa limesimama mahali tambarare, na baada ya kungoja dakika chache ili oili irudi chini, kijiti cha kupimia huchomolewa, kikapanguswa, kikarudishwa na kuchomolewa tena. Iwapo oili iko chini ya alama ya chini, iongezwe ya aina inayofaa. Iangaliwe pia kama kuna matone chini ya gari, kwa kuwa jiwe au tuta laweza kupasua sampu. Kama hakuna panapovuja, injini yaweza kuwashwa. Taa isipozimika baada ya sekunde chache, izimwe tena na gari livutwe hadi gereji. Vilevile, ikiwa oili ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo, au injini ilikuwa inagonga, isiwashwe kamwe.

Chanzo kinaweza kuwa nini?

Upungufu wa oili ndio chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa. Dalili yake moja ni taa kumetameta kwenye kona kali na miteremko, kama ile ya kushuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, kwa kuwa oili kidogo iliyosalia huhamia upande mmoja na kuiacha pampu ikivuta hewa.

Taa inayometameta injini ikiwa imepata moto na gari limesimama kwenye foleni, kisha ikazimika dereva anapokanyaga mafuta, mara nyingi huashiria oili iliyokuwa nyepesi kupita kiasi, pampu iliyochoka au beringi zilizolika. Oili isiyobadilishwa kwa wakati nayo hugeuka tope zito linaloziba wavu wa pampu.

Yawezekana pia kwamba injini ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Hata hivyo, hilo halithibitishwi kwa kukisia. Fundi stadi huondoa swichi, akafunga geji mahali pake na kusoma shinikizo lenyewe. Swichi ni kifaa cha bei nafuu ikilinganishwa na injini.

Taa iliyonyamazishwa

Wapo wanaotibu dalili na kuuacha ugonjwa. Baadhi hutia oili nzito ili taa izimike kwa muda, na wengine hukata waya wake kabisa. Hapo ndipo mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kuwa macho. Ufunguo unapozungushwa kabla ya injini kuwaka, taa hiyo sharti iwake, kisha izimike sekunde chache baada ya injini kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, au kuna aliyetaka isionekane. Mnunuzi adai ipimwe kwa geji kabla ya kutoa pesa.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Oili ipimwe angalau mara moja kwa wiki na kabla ya safari ndefu, na ibadilishwe pamoja na chujio kwa muda uliowekwa na mtengenezaji. Aina yake, kwa mfano 5W-30 au 20W-50, ifuate kitabu cha gari wala si mazoea ya gereji. Kwa mwenye matatu au teksi, dakika tano za kupima oili asubuhi ni afadhali kuliko majuma ya kukaa bila kazi akitafuta injini nyingine.