Mtoto wa Unguja na Mji wa Vilima Vitano

Leo nawaulizeni swali moja: mtu mashuhuri ni mtu wa wapi?

Pengine mmesikia habari za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Wazazi hao walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, katika nchi ya India. Baba yake, Bwana Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu wakati wa Waingereza.

Basi Unguja humdai, na Uingereza humdai. Lakini uko mji wa tatu ambao ni wachache wanaoutaja. Mji huo ni Panchgani, mji mdogo wa milimani upande wa magharibi wa India. Jina lake hufasiriwa kuwa ni nchi ya vilima vitano. Waingereza walipapenda kwa sababu ya baridi yake, na shule nyingi za bweni zikajengwa huko. Nanyi mkaao vilimani mwajua jinsi hewa ya namna hiyo inavyopendwa na wageni watokao kwenye joto.

Farrokh alipelekwa huko, ng'ambo ya bahari, akiwa na umri wa miaka 8 tu. Aliingia shule ya St. Peter's. Likizo nyingi alikaa kwa jamaa zake Bombay, kwa kuwa Unguja ilikuwa mbali.

Je, Panchgani ilimpa nini? Kwanza, jina: wenzake shuleni ndio waliomwita Freddie. Pili, piano, ambayo alijifunza huko. Tatu, bendi yake ya kwanza, The Hectics, aliyoiunda pamoja na wanafunzi wenzake wanne. Wala yeye hakuwa mwimbaji mkuu wa bendi hiyo. Kazi yake ilikuwa kupiga piano.

Mwaka 1963 alirudi Unguja. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na mwaka huo huo jamaa yote ilihamia Feltham, karibu na London. Bendi ya Queen ilianza mwaka 1970.

Tazameni basi. Panchgani haikumzaa, wala haikumpa utajiri. Ilimlea. Lakini malezi hayo yalikuwa na bei yake: miaka mingi ya utoto bila mama karibu. Tunapoandika historia ya mtu tusitaje faida tu, bali na bei iliyolipwa.

Sasa, swali la kujadiliana katika vikundi vyenu. Mfikirieni mtu mmoja wa kijijini kwenu aliyepelekwa shule ya mbali angali mdogo. Alipata nini huko? Na nyumbani kwao walikosa nini?