Vyama vya Kahawa vya Kilimanjaro

Kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili hutujia kila tutazamapo habari za Wachaga na kahawa yao.

Mwaka wa 1925 wakulima walianzisha chama, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Walitaka kuikinga mibuni na wadudu na magonjwa, na kuuza mavuno pamoja. Tena kuitetea haki yao ya kuilima, kwa maana walowezi wengi hawakuipenda. Mwaka wa 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha Moshi, yaani K.N.C.U.

Tuangalie jinsi kilivyojengwa. Kilikuwa muungano wa vyama vidogo vya mlimani. Katika chama kidogo watu hujuana. Humjua apimaye kahawa, na wakiona upungufu hujua pa kuuliza. Chama kikuu kina nguvu ya kuuza mzigo mkubwa, lakini ki mbali na macho yao.

Ndipo penye hatari. Iliamriwa kahawa yote iuzwe kwa njia ya chama, kisha bei ikashuka, na wengi wakaona ya kuwa kilichokuwa chao kimekuwa cha wengine. Mwaka wa 1937 ghasia zikazuka, na majengo ya vyama yakashambuliwa. Hata hivyo chama hakikufa.

Basi twajifunza nini? Amri yaweza kuwakusanya watu, lakini haiwezi kuwafanya waaminiane. Nasi katika vyama vyetu, vya mazao au vya kuzikana, tusiogope kuuliza hesabu. Wala aulizwaye asikasirike.