Kwa nini tunamwita Jaji Warioba?

Juzi kijiweni ubishi wa Katiba ulipamba moto, jamaa mmoja akauliza: hivi huyu Jaji Warioba alikuwa jaji wa wapi? Tukabaki tunatazamana. Nikaona aibu, mwandishi mzima! Nikaenda kuchimba.

Ndugu zangu, Joseph Sinde Warioba alianza na siasa, ujaji ukafuata. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1976 hadi 1983, akawa Waziri wa Sheria, kisha Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais 1985 hadi 1990, enzi za Mzee Mwinyi na chama kimoja.

Vyama vingi vikaja. Mwaka 1995 akagombea ubunge Bunda kwa tiketi ya CCM, akabwagwa na Stephen Wasira wa NCCR-Mageuzi. Hakukubali. Akaenda mahakamani, na ushindi wa Wasira ukatenguliwa. Kumbe kabla hajawa jaji, naye alishasimama mbele ya majaji kudai haki.

Mwaka 1996 ukambebesha mawili. Rais Mkapa alimpa tume ya rushwa, ambayo ripoti yake ilitenganisha wala rushwa wa dhiki na wala rushwa wa tamaa. Mwaka huohuo akachaguliwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kule Hamburg. Haikuwa zawadi ya kufutia machozi ya Bunda: aliwahi kuongoza kamisheni ya Umoja wa Mataifa iliyoandaa kuanzishwa kwa mahakama hiyo. Mwaka 2001 akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha.

Sasa, mtu aliyelelewa na chama anaweza kuamua bila kuangalia chama? Mimi nilikuwa na mashaka. Lakini 2013 tume yake ya Katiba ilitoa rasimu ya serikali tatu, wakati sera ya CCM ni mbili. Alijua atawaudhi wenzake. Novemba 2014, kongamano la Katiba Ubungo Plaza likavunjika kwa vurugu mbele yake.

Uwaziri mkuu ni cheo kikubwa, lakini mtaani hatumwiti hivyo. Tunasema Jaji. Nadhani tunataka kuamini kwamba yupo mtu anayeweza kuwaambia watu wa kwake kuwa wamekosea.

Au nimempendelea mzee? Wewe unasemaje?